Simile ya Langoni imeniharibia posa

Nanuka papa aliyeoza, na kosa ni la fizikia.

Leo alasiri nilikuwa naenda na Mjomba Shee kwa wakwe watarajiwa, mtaa wa Langoni hapa Amu. Baba wa msichana alitaka kuniona kabla ya kujibu posa. Kanzu nyeupe, udi hadi kwenye kofia. Kijana nimependeza, msibishe.

Kwenye kona twasikia, "Simile! Simile!" Punda huyo, apishwe ndia.

"Tazama nyuma," akasema Mjomba.

"Tulia Mjomba, hii nimesoma." (Shule niliiacha kidato cha pili, lakini mawimbi nayajua.) "Mwanga huenda moja kwa moja, ndiyo maana punda hatumwoni. Sauti hupinda kona. Basi yuko mbele!"

Nikajibana ukutani, macho mbele.

Punda akatokea nyuma.

Kumbe sauti hudunda kwenye kuta kama mpira. Siku mwalimu aliposema hilo, mimi nilikuwa nimetoroka.

Na mzigo wenyewe? Magunia ya matumbo ya papa. Gunia likanipangusa kutoka bega mpaka goti. Maji mazito, ya kijani, yakateleza hadi kwapani. Yakh! Hata kuandika natapika.

Tulipofika, Mjomba akabisha hodi. Mama wa msichana akachungulia, akajiziba pua kwa buibui.

"Bwana Shee, karibu. Tulingojea mwenye posa, si papa. Huyo abaki nje."

Sasa Mjomba yuko ndani ananisifu. Mimi niko barazani, na paka wote wa Amu wamenizunguka, wananilamba.

Chekeni, lakini nani ana kanzu ya kuniazima? Upesi!