Merikani ya Kichwani

Merikani mpya, ile nguo nzito ya pamba, ikiingia nyumbani kwangu, kwanza naitanda kichwani, na wanga wake, kabla haijafuliwa. Wajukuu hunicheka. Waache wacheke.

Harufu ya wanga huo hunirudisha Mpwapwa, kwenye baraza ya tajiri aliyetumiliki mimi na mama. Bendera ya Wajerumani ilipepea bomani, lakini kwetu hakuna kilichobadilika. Mama alitwanga na kuchota maji, kichwa wazi, kwa kuwa mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika mbele ya bwana wake.

Siku hiyo mgeni kutoka Unguja alifungua jora la merikani barazani, mama akiwapakulia chakula, nami nikiwanawisha.

“Nguo hii inatoka Marekani,” mgeni alisema. “Zamani pamba yake ililimwa na watumwa weusi. Wakubwa wa huko walibishana miaka mingi kama waachiwe huru au wasiachiwe, mpaka wakapigana wenyewe kwa wenyewe.”

Tajiri akacheka. “Kelele zote hizo kwa ajili ya watumwa.”

Mama akaweka sahani chini. “Na hao watumwa, kuna aliyewauliza?”

Mama akavuta ncha ya lile jora, akajitanda kichwani.

“Vua,” tajiri alisema.

“Njoo univue.”

Mgeni akainamia mkeka. Tajiri hakuinuka. Mama akanishika mkono tukashuka barazani, jora likikunjuka nyuma yetu kwenye vumbi jekundu, wala hakugeuka kulitazama.