Mchezo Uliouliza Tuna Watoto Wangapi

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa, nikianza msinikatize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, machimboni upande wa Geita, miaka ile ya tisini kabla uzio wa makampuni haujafika kila mahali. Naapa kwa wanangu.

Mume wangu Shija, baba Kabula, alikuwa mchimbaji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Mimi niliuza wali na maharage kwenye kibanda chetu cha turubai. Basi akaja mgeni mmoja na jenereta na kompyuta, kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona. Akajenga banda la mabati, akaingiza diski, ukatokea mchezo: kijitu kinachimba kwenda chini, kinakwepa mawe, kinatafuta dhahabu. Wanaume wakapagawa. Mtu katoka kuchimba, anakwenda kuchimba tena kwenye kioo! Na ulikuwa bure. Nani aliwahi kupewa kitu cha bure machimboni?

Ila kila kijitu kikitaka kushuka zaidi, kompyuta iliuliza swali, kwa Kiswahili kizuri tu. Mama yako anaitwa nani? Mkiwa wawili, mkeo unamwitaje? Ukizidiwa na ugonjwa, unamtaja nani? Unajibu, njia inafunguka. Asiyejua kusoma, mgeni alimsomea kwa upole.

"Baba Kabula," nilimwambia, "majibu yote hayo yanakwenda wapi?"

"Yaende wapi, mke wangu? Mashine ile. Haina mdomo."

Jioni moja akarudi amenuna, akakaa juu ya ndoo, chakula hakukigusa.

"Lile dude limeniuliza tuna watoto wangapi," akasema. "Nikajibu mmoja. Likaniandikia: si kweli."

Niaminini, halikukosea. Kabla ya Kabula tulizaa mtoto wa kiume, hakumaliza hata wiki. Shija hakuwahi kumtaja. Ukimgusia tu, taya linamtetemeka, anatoka nje. Pale machimboni hakuna aliyejua habari hiyo.

"Sirudi tena kwenye lile banda," akasema.

Kesho yake, jua la utosi, nachambua maharage, akaingia. Sura ya Shija, sauti ya Shija, shati la Shija. Akaniita lile jina letu la chumbani, nikacheka, nikamsogezea kigoda.

"Mama Kabula," akasema taratibu, "hivi yule wa kwanza tulimzika wapi vile?"

Nilichomwa moyo. Amesahau? Mwanawe? Hasira zikanipanda, machozi yakanitoka, nikamtupia maneno: "Tulimzika kwenye minyaa, nyuma kwa mama yako! Tukamfunika kwa kitenge changu cha harusi, na wewe ndiye uliyechimba!"

"Asante," akasema. Akanyanyuka.

Ndipo nikaiona miguu yake. Duara lao lilikuwa na maji, wachimbaji wote walitembea na matope hadi magotini. Miguu ile ilikuwa safi, mikavu, kama haijawahi kukanyaga ardhi. Akatoka, akashika njia ya banda la mgeni. Nikaacha maharage, nikatoka nimfuate.

Mara nikasikia yowe. Duara limetitia.

Tulikimbia wote. Wenzake walitolewa wakiwa wametapakaa tope. Shija peke yake hakuonekana. Wakachimba kwa majembe, kwa sururu, kwa mikono. Mzee Ndaki, msimamizi wa duara, akalaza sikio chini.

"Nyamazeni," akasema. "Kuna mtu anagonga."

Hapo hapo, nyuma ya umati, sauti ikauliza: "Mnamtafuta nani? Mimi nipo hapa."

Ungeona furaha ile! Wakamkumbatia, wakambeba. Alisema alikwenda kununua sigara. Sururu zikatupwa chini. Mimi nikapenya, nikamkamata kola.

"Mtoto wetu wa kwanza tulimzika wapi?"

Taya halikutetemeka. Alijibu mbele ya watu wote, kwa sauti kavu: "Tulimzika kwenye minyaa, nyuma kwa mama yako. Tukamfunika kwa kitenge changu cha harusi, na wewe ndiye uliyechimba."

Mmesikia? Kitenge *changu*! Mwanaume gani ana kitenge cha harusi? Maneno yangu mwenyewe, ameyarudisha kama nilivyompa.

"Chimbeni!" nikalia. "Si yeye huyu! Chimbeni!"

Mzee Ndaki akanishika mabega. "Mayu, mama yangu, huo ni mshtuko. Mumeo huyu hapa, mzima. Nenda ukampikie uji."

"Na aliyekuwa anagonga?"

"Mawe hayo, mama. Mawe yanajipanga."

Nilifukua kwa kucha mpaka wanawake wenzangu wakanibeba mzobemzobe. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi duara lilikuwa bwawa. Banda la mgeni lilikuwa tupu.

Tulihamia Ushetu, mimi na huyo aliyerudi, tukalima tumbaku. Tukazaa wengine. Ndugu zangu wanamsifu: hanywi, hapigi, hasahau jambo lolote. Ningeshitaki wapi, na ningesema nini? Kwamba nimerudishiwa mume? Tukiwa shambani huniuliza, "Unawaza nini, mama Kabula?" Najibu, "Siwazi kitu." Miaka yote hii, siwazi kitu. Niliwahi kurudi kule nikatafute pa kuweka hata jiwe. Nilikuta uzio, mlinzi akanifukuza.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anapakua mchezo kwenye simu. Bure, anasema. Simu ikataka kujua alipo, majina ya watu wake wote, picha zake. Akabonyeza kubali, kubali, kubali, hata hakusoma. Nilipomkataza alicheka: "Bibi, ni mchezo tu!"

Ninyi mnaonisikiliza, msijibu kila mnachoulizwa. Bakizeni japo jambo moja ambalo anayewapenda atawatambua nalo. La kwetu nililitoa mimi, mchana kweupe, na mtu wangu akabaki chini akigonga.