Hewa ya Chumba cha Mzazi

Fundi aliyekuja juzi kufunga hita ya gesi bafuni kwetu Temeke alianza kwa kutoboa ukuta. "Hewa chafu lazima itoke nje, mzee. Haina harufu, unasinzia tu, basi."

Nikaikumbuka alasiri ile ya utoto wangu, shangazi akiwa ndani ya arobaini ya uzazi. Jiko la mkaa lilikuwa chini ya kitanda, chumba kikinukia ubani. "Ziba dirisha, mume wangu," bibi aliniambia, "mzazi asipigwe na upepo." Nikaziba kwa kanga, nikaziba hadi chini ya mlango. Shangazi alilalamika kichwa kinamgonga, kisha akanyamaza. Kichanga nacho kikaacha kulia. Nilikaa mlangoni nikijisifu kwamba nimewabembeleza. Hata bibi alipoingia akapiga yowe, nilimnong'oneza, "Taratibu bibi, wamelala."