Shabani Anayetuchinjia

"Mama Vivian, wewe mtu wa maombi, unakunywaje chai kwa Muislamu?"

Jirani yangu Pauline aliniuliza hivyo mwaka jana, mikono yake imejaa povu la sabuni, akiwa upande wake wa ua. Nikamjibu kwamba nakunywa kwa kikombe. Hakucheka. Pauline hacheki akiwa anailinda mbingu.

Huyo Muislamu ni Shabani Wepukhulu, mzaliwa wa Misikhu, na hapa Kitale amechinja ng'ombe miaka thelathini. Babake ndiye alisilimu. Wajomba zake mpaka leo ni Wakatoliki. Ni mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye baiskeli moja na kisu kimoja anachokifunga kwa kitambaa cheupe. Kwetu huku hakuna arusi wala matanga bila yeye. Sisi Wakristo ndio humwita, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Anataja Mungu, anakata, tunampa shingo ya ng'ombe, anapanda baiskeli. Hata wali hangoji.

Sasa, miezi mitatu kabla ya arusi ya binti yake Mary Ann, Pauline alisikia kwa redio kwamba watu fulani, nchi ya mbali, wameua wenzao wakitaja dini. Jumapili akashika kipaza sauti kutoa ushuhuda.

"Hao watu wote ni wamoja! Na sisi tunawaita kwa boma zetu na visu. Hata huyu Shabani, nani anajua anawaza nini?"

Kanisa likasema Amina. Mimi pia nilisema, Mungu anisamehe, mdomo umezoea.

Maneno yalimfikia Shabani kabla chakula cha mchana hakijaiva. Tangu siku hiyo simu yake ikanyamaza. Arusi mbili na matanga moja yakapita bila yeye, na wanawake wakaanza kuvuta watoto wao kando akipita na baiskeli.

Na mwaka juzi si pasta wetu mmoja alitoroka na hema la kanisa, viti na kinanda? Sikusikia mtu akisema Wakristo wote ni wezi wa mahema. Huyo tulimtaja kwa jina lake, tukamlaani peke yake, tukanunua hema lingine. Sisemi Waislamu ni malaika. Kuna mmoja sokoni aliniuzia maini yananuka, tena akaapa. Lakini sikwenda kumdai Shabani maini yangu.

Kamati ya arusi ikampa kazi shemasi Kevin, ambaye hata kuku huchinjiwa na mkewe. Asubuhi ya arusi ng'ombe alimburuta na kamba mpaka katikati ya mahindi ya watu. Mwishowe akakatwa, nyama ikaiva, ikanukia vizuri.

Wageni wa bwana arusi wakafika kutoka Kimilili. Makokha, mjomba wa bwana arusi, mzee wa kanisa, Biblia kwapani, akanawa, akashika mnofu, akauliza, "Nani amechinja?"

"Shemasi wetu!" Pauline akasema kwa furaha.

Mzee akaurudisha mnofu kwa sahani. "Ati shemasi? Mama, unatulisha kibudu?"

"Lakini mzee, wewe si Mkristo?"

"Mkristo kabisa. Lakini nyama ya sherehe nimezoea ichinjwe na Muislamu. Hii mmekatakata tu."

Meza nzima ikaacha nyama, ikabaki kutazama kabeji. Wakristo watupu, bana, wanakataa nyama ya Mkristo! Nilijificha nyuma ya sufuria nikacheka mpaka kitambaa kikanitoka kichwani.

Pauline akanifuata, machozi karibu. "Watasema tumewadharau. Watamchukua mtoto wangu na kinyongo. Si wewe ni rafiki yake? Mpigie simu."

"Nimpigie nani? Hao watu?"

"Mama Vivian, tafadhali."

Nikampigia. Shabani akaja na baiskeli yake. Kulikuwa na mbuzi wanne waliofungwa nyuma ya nyumba. Na Pauline, bila haya, akaweka mashemasi wawili wasimame nyuma ya mgongo wa Shabani wakichunga kisu. Shabani akawatazama, akageuka, akataja Mungu, akachinja mbuzi mmoja mmoja mpaka akamaliza. Wageni wakala. Mzee Makokha akaomba supu mara mbili, akamsifu mpishi.

Shabani alikuwa anafunga kisu kwa kitambaa Pauline alipomletea shingo, imefungwa vizuri kwa jani la ndizi. Hakuipokea.

"Mama Mary Ann, kaa na shingo yako. Jumapili shika kile kipaza sauti ulichonisema nacho, mbele ya watu wale wale, useme Shabani Wepukhulu hajamkosea mtu. Naomba hiyo tu."