Maëlys na Gesi ya Galaksi ya Mbali

Maëlys Escalle alizaliwa huku bondeni Dévoluy, kwa wafuga kondoo, na mpaka leo akipiga mluzi, mbwa wa kijiji kizima hugeuka. Kazi yake ni kuendesha darubini za redio, zile sahani kubwa zilizopangwa juu ya mlima wetu. Mimi, Firmin, ni mpishi wa huko juu, kwa hiyo nawasimulia niliyoyaona.

Majira fulani ya machipuko alikuwa akipima gesi baridi ya galaksi moja ya mbali mno, inayozaa nyota bila kupumzika. Gesi hiyo ndiyo unga wa nyota: ukijua ghalani kumebaki kiasi gani, utajua zitaendelea kuzaliwa mpaka lini. Sehemu kubwa ni haidrojeni, nayo kwenye baridi ile ni bubu, haitoi mawimbi ya kunaswa. Anayeisemea ni kaboni monoksidi, ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu vyumbani.

Aliyeomba kipimo ni Théophane, mwanafunzi wa Grenoble. Walishaisikiliza galaksi hiyo mara mbili wakaambulia patupu. Sasa hewa yenye unyevu, inayomeza mawimbi ya redio, ilikuwa njiani, na ilibaki asubuhi moja tu. Asubuhi ile ikipita bure, kijana angeiacha kazi yake yote na kuanza nyingine.

Tena sahani zimeganda barafu!

"Tuanze hivyo hivyo, dada?" Théophane aliuliza kwenye simu.

"Na barafu yote hii? Mdogo wangu, utapimiwa theluji!"

Akavaa buti, akabeba fagio, nami nikamfuata na sepetu. Tulikwangua mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akazielekeza sahani kwenye galaksi yake.

Karibu na chakula cha mchana nikampelekea tourtons, zile sambusa zetu za viazi. Kwenye skrini, mstari wa mawimbi yanayoingia ulikuwa umeinua kilima kidogo.

"Hiyo hapo! Mpigie kijana!"

"Tulia, mzee Firmin. Chombo kina masikio mawili, vipokezi viwili vinavyosikiliza pamoja. Likisikia moja tu, ni mashine inajiimbia. Umemsahau Régis?"

Nilimkumbuka. Régis, mwenzake wa zamu, aliwahi kutangaza galaksi kwa sikio moja, na mpaka leo tunamwita Mvumbuzi.

Sikio la pili lilikuwa bapa kama meza. Tukangoja. Sambusa zikapoa, mimi nikizunguka kiti chake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu, polepole, kama mkate unaoumuka, kilima kikainuka mahali pale pale.

Maëlys aliruka, kiti kikaanguka. Akashika simu.

"Théophane, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa. Gesi yako ipo, tele! Masikio yote mawili!"

Tukasikia kijana analia na kucheka kwa pamoja, na nyuma yake mama yake anauliza kwa hofu nani amefariki.

"Hajafa mtu, mama! Ina gesi! Ina gesi!"