Bingwa wa Kupuliza

Kwa miaka ishirini na sita mpishi mkuu wa shule ile alilisha wanafunzi mia nne, na hakuna hata siku moja waliyochelewa kula. Kuni ziwe mbichi, stoo iwe imevuja, yeye aliinama na kipande chake cha bomba, akapuliza mara tatu, moto ukawaka. Wakampa jina la Bingwa. Hakulikataa, maana alilitolea jasho.

Kikohozi alikiita cha kazi. Binti yake alimsihi akapimwe, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka huu, zile ngazi kumi na mbili kutoka stoo hadi jikoni zikamshinda. Akifika ya tano, anashika ukuta. Mwalimu mkuu akamwambia, "Mama, nenda ukatibiwe. Ukirudi na ngazi bado zinakushinda, itabidi tukupumzishe." Kumpumzisha! Bora angemtukana.

Kwenye zahanati, muuguzi alimpa kifaa cha kupima mapafu. "Vuta pumzi, halafu puliza kwa nguvu mpaka iishe."

"Mwanangu, kwa kupuliza umemkuta mwenyewe."

Akapuliza. Kipimo kikasoma nusu ya kinachotakiwa. Akarudia, nusu ileile. Aibu hiyo ilimuuma kuliko kifua.

"Si kifua kikuu, wala huambukizi mtu," alisema muuguzi. "Njia za hewa zimekuwa nyembamba. Hewa inaingia, kutoka inagoma. Hazitarudi kama zamani, ila tunaweza kupunguza kasi ya kuharibika."

"Lakini mimi sijawahi kuvuta sigara!"

"Na moshi wa kuni miaka yote hiyo, ulivutwa na nani?"



Akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kikopo cha kubonyeza chenye kibomba. Wiki mbili hakuona nafuu, akaanza kuisengenya. Ndipo binti yake alipomfuma akiitumia. "Mama! Wewe unapuliza!" Kweli bwana, mdomo wake ukishika bomba ulijua kazi moja tu. Dawa yote ilikuwa imeishia kwenye hewa ya sebuleni. Walicheka mpaka akakohoa, kisha wakarudi kwa muuguzi.

Akafundishwa upya: toa pumzi kwanza, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha ibane pumzi kidogo. Na kwenye ngazi, vuta kwa pua, toa taratibu kwa midomo iliyobana. Midomo ileile ya kupulizia moto! Hapo hakuhitaji somo la pili.

Siku ya kurudi, mwalimu mkuu alimsubiri juu. Bingwa alipanda ngazi mbili, akatulia, akapanda mbili tena. Haraka haraka haina baraka. Ya mwisho aliikanyaga akiwa wima, ukuta hajaugusa.

Ndani, mpishi msaidizi alikuwa ameinama na lile bomba, machozi yanamtoka, anakohoa. Kikohozi kile Bingwa alikifahamu. Akamnyang'anya bomba, akamkabidhi mwalimu mkuu.

"Ngazi nimepanda. Hili fupi silihitaji tena, niletee refu la kutolea moshi, linalotokea paani. Mpaka lije, humu hauwashwi moto. Masufuria yote nje!"

Mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe kumwita fundi. Masufuria yakahamishiwa uani moja moja, na wanafunzi wakachelewa kula kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Bingwa hakujuta hata chembe.