Betri Niliyoichagua Mwenyewe

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Palma: aliyekwenda kununua betri ni mimi.

Ghala la Bi Zuhura, tajiri wangu, limechimbwa chini, na masika maji huingia. Vita ilikuwa imepamba moto, mafuta yote yanachukuliwa na jeshi, kwa hiyo pampu kubwa ilikuwa imelala. Ikabaki pampu ndogo ya betri, na betri nayo ikafa, magunia ya mchele yakiwa mle ndani.

Bi Zuhura akanituma kwa fundi, nje ya mji, nikaibadilishe. Kwenye kizuizi cha barabarani, sipai, yaani askari wa Wareno, akaipaka betri msalaba mweupe kwenye kitako. Kila betri iliyopita aliipaka ili aitambue ikirudi, isije ikaishia msituni kwenye redio za wapiganaji.

Fundi akaipokea, akaifuta vumbi, akaiweka chini pamoja na zake mbili. Nikamweleza kwamba betri nzuri hujulikana kwa uzito. Nikazinyanyua zote tatu, moja moja, nimefumba macho.

"Kaka, hiyo..." akaanza.

"Mimi sifundishwi betri," nikamkatiza.

Akapokea pesa. Nikajitwisha ile nzito.

Kwenye kizuizi nikamkuta Bi Zuhura ananisubiri, ndoo mkononi. Maji ghalani yalikuwa yamefika magotini.

"Nimeichagua mwenyewe," nikamwambia.

Sipai akaiinamisha betri, akatazama kitako.

"Asubuhi si ulipita na hii hii?"

 Bi Zuhura alinipa ndoo.